Kabla ya Kuandika "Asilia" kwenye Dumu la Alizeti

Nilipoanza kulima alizeti wilayani Iramba, mkoani Singida, huku makazi yangu yakiwa Tabata, niliamini kwamba nikishavuna kazi imekwisha, kwa kuwa Dar es Salaam haikosi mnunuzi wa mafuta. Mnunuzi wa mafuta ya kawaida kweli hakosekani. Anayekubali kulipa zaidi kwa mafuta ya pekee, hata hivyo, hulipia uthibitisho, na uthibitisho huo huandaliwa tangu siku ya kununua mbegu.

Wateja wangu wa Mikocheni na Masaki huniuliza kwanza kama mbegu zangu zimebadilishwa vinasaba. Huwajibu ukweli wote: hakuna alizeti ya aina hiyo inayolimwa kibiashara popote duniani, kwa hiyo sifa hiyo peke yake si sababu ya kupandisha bei. Kwa kanola, zao jingine la mbegu za mafuta, hali ni nyingine kabisa. Nchini Kanada, ambako zao hilo liliendelezwa katika miaka ya 1970, kanola iliyobadilishwa vinasaba ilianza kulimwa kibiashara mwaka 1995 na sasa imetawala mashamba, kiasi kwamba mkulima anayetaka kuuza isiyobadilishwa hana budi kujihadhari na chavua ya majirani, kung'oa miche inayojiotea kutokana na mbegu zilizodondoka misimu iliyopita, kusafisha mashine za kuvunia na kuhifadhi mavuno yake kando. Katika Umoja wa Ulaya, chembe zilizobadilishwa zikizidi asilimia 0.9 ya kiambato, hata kama zimeingia kwa bahati mbaya, bidhaa hulazimika kutajwa hivyo kwenye lebo.

Nidhamu hiyo ya kutenganisha ndiyo ninayokusihi uichukue, kwa sababu mimi niliijua kwa hasara. Katika msimu wangu wa pili nilipeleka magunia 40 ya alizeti safi, iliyokauka vizuri, kwenye mashine ya kukamua, nikaenda kutafuta gari. Niliporudi nilikuta mbegu zangu zimemiminwa kwenye rundo moja na za mteja mwingine, ambazo zilikuwa na unyevu na zimeanza kuota ukungu. Mafuta yalitoka na harufu ya uvundo, na mnunuzi wangu wa Mwenge aliyakataa yote. Iliniuma sana, maana mbegu ile niliipepeta kwa mikono na mama yangu.

Tangu hapo hukodi mashine kwa siku nzima na kusimama hapo hadi dumu la mwisho lijae. Magunia huyatia alama ya rangi kwa kila shamba, dumu la kwanza huliuza kama mafuta ya kawaida kwa kuwa hubeba mabaki ya aliyetangulia, na kwa kila ukamuaji hutunza chupa moja yenye tarehe.

Jiandae pia kwa jaribio la friji. Wateja wengi wa hapa mjini huweka mafuta kwenye friji, na yakiganda huamini yamechanganywa na mawese. Mafuta ya alizeti yasiyosafishwa kiwandani huwa na nta itokayo kwenye maganda, nayo huyafanya yapoteze uangavu na kuwa na wingu jeupe yakipoa, bila kuganda kama mawese. Eleza jambo hili kabla ya kuuza, kwani maelezo yanayotolewa baada ya malalamiko husikika kama kisingizio.

Kuhusu mbegu, nunua zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Mbegu ya Record, aina ya alizeti isiyo chotara, unaweza kuihifadhi kwa msimu unaofuata, lakini nyuki huleta chavua ya shamba la jirani na usafi wake hupungua. Mbegu uliyovuna kutoka kwa chotara usiipande tena kabisa. Mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, nayo yasikupotee, kwani wafugaji wa kuku huyanunua.

Zungumza na mnunuzi kabla ya kupanda, mwandikiane kiasi, bei na namna mafuta yatakavyopimwa. Mimi humwachia nakala ya lebo ya mbegu mwezi Desemba, na mwezi Julai humpelekea mafuta pamoja na ile chupa yenye tarehe.