Kinoa kwa mara ya kwanza: anza na mchuzi wa nyumbani

Ukitaka watu wa nyumbani kwako waijaribu kinoa, zile mbegu ndogo zinazopikwa kama wali, usiwapikie saladi. Hapa Amu, yaani kisiwani Lamu, mchana ni wali na mchuzi. Mtu aliyezoea wali wa nazi na samaki wa kupaka, ukimwekea bakuli la punje baridi na matango, atakula vijiko viwili kwa heshima kisha anawe mikono. Ipakue mahali pa wali, pamoja na mchuzi ule ule anaoujua. Ndivyo nilivyompikia mavyaa wangu, aliyekuwa ameambiwa hospitali apunguze wali mweupe kwa sababu ya kisukari.

Kinoa asili yake ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia. Si jamii ya nyasi kama mchele na ngano. Ni mbegu ya mmea wa ukoo mmoja na mchicha, na haina gluteni, ile protini ya ngano ambayo baadhi ya watu huwadhuru. Kikombe kimoja kilichopikwa kina takriban gramu 8 za protini na gramu 5 za nyuzinyuzi. Wali mweupe wa kiasi hicho una protini karibu nusu yake, na nyuzinyuzi hazifiki hata gramu 1.

Kazi yenyewe iko kwenye kuosha. Ganda lake lina saponini, kitu kichungu, ndiyo maana wengi husema inanuka sabuni. Itie kwenye bakuli la maji uisugue kwa viganja, utaona povu likipanda. Mwaga, tia maji mengine, rudia mpaka povu liishe. Punje ni ndogo mno, hupita kwenye matundu ya chungio la kawaida, kwa hiyo tandika kitambaa chepesi; kipande cha leso kuukuu chafaa sana. Hata pakiti ikiandikwa kwamba imeoshwa, mimi huiosha tena.

Kikombe kimoja cha kinoa kwa viwili vya tui jepesi, chumvi kidogo, funika, moto mdogo, dakika 15. Imeiva ukiona punje zimeanza kupitisha mwanga, na kila moja imeachia kijiuzi cheupe kilichojikunja ubavuni. Epua, iache imefunikwa dakika 5, kisha ichambue kwa uma. Usiipalie makaa juu kama wali, itakauka. Na tui zito usilimalizie humo, mafuta yake ni mengi.

Mavyaa alionja, akachota mchuzi, akasema, "Mwanangu, hii mchuzi waishika. Nitilie kidogo tena."

Hapo kwenye "kidogo tena" ndipo pa kuangalia. Kinoa bado ni wanga! Mwenye kisukari apakuliwe kwa kipimo, apime sukari saa mbili baada ya kuanza kula, na asiguse dozi ya dawa zake bila daktari. Asiyezoea nyuzinyuzi naye aanze na kidogo, maana tumbo laweza kujaa gesi.

Bei yake ni kubwa kuliko ya mchele, na ikikushinda usihuzunike. Mtama, ule wa mkate wa mofa, nao hauna gluteni na una nyuzinyuzi zake. Sisi kinoa tunaipika mara mojamoja, siku nyingine ni mtama. Ukimwagiza mtu Mombasa, mwambie alete robo kilo tu kwanza, na ikifika itie kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza, maana unyevu wa hapa kisiwani huharibu nafaka upesi.