Maswali ya Wasomaji: Kifaru cha Kagera, Kutu na Tope

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Bukoba, babu yangu alipigana vita ya Kagera na mimi nataka kuunda modeli ya kifaru cha JWTZ cha 1979, skeli ya 1/35 (ndogo mara 35 kuliko kifaru chenyewe). Nimeona T-55A ya kampuni ya Tamiya bei yake inanifaa, jamaa yangu anasema chukua tu hiyo vyote vinafanana hakuna atakayejua. Je ni sawa? – *Mjukuu wa Askari, Bukoba*

JIBU: Marahaba mjukuu, na umpe babu shikamoo yangu kama bado yupo.

Hapana, usichukue hiyo. Yaani kiti yenyewe (boksi la vipande vya kuunga modeli) ni nzuri sana, inashikana vizuri na haisumbui, lakini ni kifaru kingine. Vifaru vikubwa vya jeshi letu kipindi kile vilikuwa Type 59 kutoka China, na Type 59 ni T-54A ya Warusi iliyotengenezwa Uchina kwa leseni. T-55 ilikuja baadae, 1958, na T-55A ndo ikafuata. Ukiviangalia kwa mbali unaona kitu kimoja, mnara wa mviringo, mzinga wa milimita 100, magurudumu matano kila upande na lile pengo kati ya gurudumu la kwanza na la pili. Ukisogea karibu ndo unaona tofauti.

Anza juu ya mnara, upande wa kulia mbele ya mlango wa mpakiaji, yule askari anayeweka risasi kwenye mzinga. T-54 na Type 59 zina kifuniko cha feni kama uyoga pale, T-55 haina kabisa. Hicho ndo kitu cha kwanza mtu anayevijua vifaru atakitafuta kwenye modeli yako. Halafu njoo kwenye bamba la mbele la mwili, katikati utaona katundu kadogo, hapo ndo bunduki ya dereva inapotolea risasi, T-55A walishaiondoa. Na Type 59 za mwanzo hazikuwa na ile taa kubwa ya infraredi pembeni ya mzinga ambayo T-55A inayo. Kwa hiyo ukinunua T-55A utaanza kuchonga, kuziba na kutengeneza vitu ambavyo kiti nyingine inakupa tayari. Trumpeter wana Type 59 kwenye skeli hiyo hiyo ya 1/35, subiri hela itimie uchukue hiyo. MiniArt nao wana T-54 za kila aina, ila ni vipande vingi mno, kama ni modeli yako ya kwanza utachoka katikati.

Kuhusu rangi anza na kijani cha jeshi kilichokoza, halafu changanya matone machache ya rangi ya mchanga, manake kitu kidogo kikipakwa rangi ile ile ya kitu kikubwa macho yanakiona cheusi. Namba na alama usibuni. Tafuta picha moja ya kipindi kile, moja tu inayoonekana vizuri, na ufuate kifaru hicho hicho mwanzo mpaka mwisho, sio namba utoe picha hii na mapipa utoe picha ile. Na muulize babu. Mtu aliyekaa karibu na hivyo vyuma anakumbuka vitu ambavyo hakuna picha inavionyesha, mfano wapi walikuwa wanafunga mizigo yao, turubai ilikaa upande gani. Hivyo vitu ndo vitaifanya modeli yako iwe ya vita hiyo na sio ya vita yoyote.

SWALI: Mambo fundi, nimemaliza T-54 yangu nimeipiga kutu kila mahali, mwilini, kwenye mnara, kwenye mzinga, nikaona imetoka kali lakini wenzangu wanasema inaonekana kama imeokotwa skrepa. Mimi nilitaka ionekane ipo vitani. Nimekosea wapi? – *Brashi Moja, Morogoro*

JIBU: Poa ndugu yangu. Wenzako wana hoja. Kifaru kilichopo vitani kina watu ndani yake, wanakipaka grisi, wanakifuta, wanakipiga rangi ikibidi, na bamba lake ni nene sana halianzi kuliwa na kutu kwa miezi michache. Vita yenyewe ilianza Oktoba 1978 na Kampala ikatekwa Aprili 1979, ni nusu mwaka hivi. Kutu ya kuoza ni ya kifaru kilichoachwa porini.

Kabla hujaweka doa lolote jiulize limetoka wapi. Kama huna jibu usiliweke. Mimi naanzia kwenye miguu ya askari, wanapandia wapi? Hapo rangi inachubuka, kwenye kingo za milango, kwenye vishikio, juu ya madebe ya zana. Chukua kipande kidogo cha sponji, kichovye kwenye kahawia iliyokoza, kipunguze kwenye karatasi mpaka kibaki karibu kikavu, halafu gusa gusa kingo tu. Na kumbuka hesabu ya skeli, alama ya milimita 1 kwenye modeli ni sentimita 3.5 kwenye kifaru chenyewe, sasa wewe ukiweka michubuko ya milimita 4 huyo kifaru kagongwa na nini?

Dizeli inamwagika wapi? Kwenye vifuniko vya matangi, na T-54 ina matangi bapa juu ya bawa (lile bamba linalofunika mnyororo) la kulia, hapo weka michirizi myeusi inayong'aa kidogo. Moshi unatokea wapi? Bomba la ekzosi liko bawa la kushoto kuelekea nyuma, kwa hiyo masizi yakae kushoto. Nimeona modeli nyingi nzuri zimepakwa masizi pande zote mbili na inaniuma kweli, manake mtu kafanya kazi ya wiki nzima halafu hakuangalia bomba liko wapi. Kutu unayoitaka iweke hapo hapo kwenye ekzosi, joto linaunguza rangi, hapo hata ukizidisha kidogo sawa.

Minyororo nayo ni chuma kitupu, ikilala na mvua usiku asubuhi ina kutu jepesi la kahawia, lakini sehemu inayokanyaga chini inang'aa kama ncha ya jembe linalolimiwa kila siku. Paka kahawia yote, ikikauka pitisha penseli laini au unga wa grafaiti kwenye meno. Na isikae imenyooka juu! T-54 haina vile vigurudumu vidogo vya kubebea mnyororo, mnyororo wa juu unalala juu ya magurudumu yenyewe. Ubane na gundi mpaka ukae.

Hiyo uliyonayo usiitupe. Pitisha kijani chepesi juu ya kutu ukiacha sehemu nilizotaja, halafu anza upya taratibu.

SWALI: Fundi nafanya mandhari ya pigano la Lukaya, Uganda, Machi 1979, barabara na kinamasi. Nimechukua udongo wa nje nikachanganya na gundi ila umekaa kama mawe. Halafu tina imenipasulia plastiki kwenye ekseli za magurudumu. Msaada. – *Mama Modeli, Mwanza*

JIBU: Dada hongera kwa kuchagua Lukaya, ni pigano kubwa, Walibya walikuja kumsaidia Amin na vifaru vya T-55 na mizinga ya roketi ya Katyusha, wakapigana na JWTZ tarehe 10 na 11 Machi kwenye ile barabara ya Masaka kwenda Kampala inayopita juu ya tuta katikati ya kinamasi.

Udongo wako ni mkubwa mno. Kajiwe ka sentimita 1 kwenye skeli yako ni jiwe la sentimita 35. Kausha udongo, usage, uchekeche kwa soksi ndefu ya kike, utumie ule unga tu, na gundi nyeupe ya mbao na plasta kidogo. Halafu uwe na rangi mbili. Udongo wa nchi kavu kule ni mwekundu, wa kinamasi ni mweusi mweusi. Vumbi jekundu lililokauka likae juu, kwenye mabawa na nyuma ya mnara, jepesi kabisa. Tope jeusi la maji likae chini, ndani ya magurudumu na tumboni, na juu yake tone tone za vanishi ya kung'aa, manake Machi masika inaanza kule. Ukiyachanganya yote sehemu moja unapata uji wa kahawia usioeleza kitu.

Tina ya kupakia magari usiisogeze karibu na plastiki, inaiyeyusha. Tumia waiti spiriti, na hata hiyo usiache idimbwike kwenye maungio, ikikaa plastiki inakuwa dhaifu na inapasuka, hasa kwenye ekseli zilizobanwa. Piga vanishi kwanza, acha usiku mzima, ndo uoshe, yaani upitishe rangi ya mafuta iliyoyeyushwa sana, na inayozidi uifyonze haraka kwa brashi kavu. Zile ekseli zilizopasuka ziunge kwa supaglu, toboa katikati uingize kipande cha waya mwembamba, gurudumu litasimama.