Jina moja, dodoso moja: kwa daktari kijana anayetaka utafiti wake usomwe

Mwezi uliopita daktari mmoja kijana alinisubiri kliniki ya afya ya akili imalizike, hapa Mtwara mjini, akanionyesha fomu ya ufadhili wa masomo kwenye simu yake. Walitaka ajaze makala zake zimenukuliwa mara ngapi, na kipimo chake cha h ni ngapi. "Dada, mimi nina makala 2 tu. Naona nimeshakosa." Nikamwambia avute kiti. Niliyomweleza siku ile nayaandika hapa, maana najua hayuko peke yake.

Kipimo cha h alikibuni Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005. Panga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme unazo 6, na zimenukuliwa mara 40, 12, 5, 4, 1 na 0. Makala 4 zimefikisha mara 4 au kupita, basi h yako ni 4. Ile ya 40 hata ingefika 400, h isingesogea. Tena ukipumzika kuandika, haishuki. Aliyekaa kazini miaka 30 kwa kawaida atakuzidi, hata kama unachapa kazi kuliko yeye.

Fani nazo hazilingani. Karl Friston, mtafiti wa ubongo wa London, h yake imepita 200. Sehemu kubwa ya umaarufu wake imetokana na SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo inayotumika katika maabara nyingi duniani, na wanaoitumia humtaja. Sisi tunaopanda kwenda Newala na Tandahimba na dodoso mkononi tunamaliza mwaka mzima tukitafuta watu wa kutosha makala moja. Usijipime kwa mzani wa mwenye mashine.

Sasa jina. Hapa niliumia mwenyewe. Makala yangu ya kwanza ilitoka kwa jina la baba. Ya pili mhariri alichukua jina la mwisho, ambalo ni la babu, akaliweka kama ndilo la ukoo. Ya tatu nilikuwa nimeolewa, nikatumia la mume. Mtandaoni nikawa wanawake watatu, kila mmoja na manukuu yake machache. Nilinyimwa nafasi moja niliyoitamani sana kwa sababu aliyenitafuta alimpata mmoja tu kati ya hao watatu. Chagua jina moja kabla ya makala ya kwanza na ulishike hata ukiolewa. Jisajili ORCID, ni bure: unapewa namba ya tarakimu 16 inayofuatana nawe maisha yote. Kisha fungua ukurasa wako Google Scholar ukusanye kazi zako zote, zikiwemo zilizopotelea kwenye majina mengine.

Linalonigusa zaidi ni dodoso lenyewe. PHQ-9, dodoso la kupima sonona, ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, na ni bure kuitumia. Nilikwenda na tafsiri ya Kiswahili iliyonyooka kabisa. Mama mmoja nikamuuliza kama amekosa raha. Akanitazama. "Raha ipi, mwanangu, na mnada wa korosho bado?" Nilipouliza kuhusu uchovu, ulikuwa msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho; kijiji kizima kilikuwa kimechoka. Siku ile niliweka kalamu chini nikaanza kusikiliza. Watu walisema "mawazo mengi", "moyo mzito", "nawaza mpaka kunakucha". Nikaandika upya, nikauliza tena, nikafuta tena.

Makala niliyoweka maneno yote ya dodoso mwishoni, pamoja na maelezo ya kwa nini swali fulani lilikataa, ndiyo inayonukuliwa kuliko zangu zote. Watu wanaichukua wanakwenda kuitumia kwao. Zimbabwe walitutangulia: mwaka 1997 Vikram Patel na wenzake walichapisha dodoso la Kishona lenye maswali 14, lililojengwa kwa maneno ya wagonjwa wenyewe, likiwemo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Dixon Chibanda na wenzake wakalitumia kupima tiba ya mazungumzo kwenye benchi, kwa watu 573, matokeo yakatoka JAMA, jarida kubwa la tiba la Marekani, mwaka 2016. Dodoso la lugha ya nyumbani likafika huko. Kwa hiyo usifungie chombo chako kabatini ukisubiri makala nyingine. Kiachie.

Jarida linalokuandikia barua pepe ya sifa na kukuahidi kuchapisha ndani ya wiki moja ukilipa, achana nalo. Jarida la kweli lenye ada, waandikie uombe msamaha wa malipo. Mengi yanao kwa nchi kama yetu, ila uombe kabla hujawasilisha. Na makala ikitoka, chapa kurasa mbili kwa Kiswahili uwapelekee manesi wa zahanati ulikokusanyia taarifa. Hawatakunukuu popote, lakini ndio watakaomuuliza mama yule swali sahihi wiki ijayo.

Yule daktari alijisajili palepale, simu ikiwa kwenye chaji. Alipofika kwenye jina alisita kidogo, akaniuliza kama la babu yake, la Kimakonde, si gumu mno kwa wageni. Nikamwambia watajifunza. Akaliandika.