Jibu kwa dada wa Goma: mtoto anakohoa mara ya tatu, ni virusi gani, na amoxi je?

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Mtoto ana miezi nane, tangu mvua ianze Septemba hii ni mara ya tatu mafua na kikohozi, jirani anasema ni corona, shemeji anasema ni ule ugonjwa wa Panzi, na wewe unataka kujua ni virusi gani inazunguka na kama umpe amoxi (amoxicillin, antibiotiki). Wengine wamekujibu mstari mmoja mmoja, mimi nitakuwa mrefu unisamehe, hili jambo liliwahi kunilaza kwenye benchi ya hospitali usiku tatu.

Niko Bukavu, nina kaduka ka dawa kule Kadutu. Mvua ikianza tu, zaidi ya nusu ya watu wanaoingia wanasema "nipatie amoxi ya kikohozi", utadhani amoxi iliumbwa kwa ajili ya kikohozi, na mimi nilikuwa nauza tu, nikikataa si anavuka barabara ananunua kwa mwenzangu? Basi mwaka 2018 kasichana kangu ka miezi mitano kakashikwa na mafua, nikatoa siro ya amoxi kwenye rafu yangu mwenyewe nikampa, nikajiona dokta. Siku ya tatu hanyonyi, anakamata titi anaachilia, anakamata anaachilia. Mimi nasema ni pua imeziba. Mama mkwe ndiye alimfungua nguo akapiga kelele: "Angaliya mbavu ya mutoto, inaingiya mu ndani!" Saa nane usiku tukatafuta moto (pikipiki), tukaenda hospitali.

Kule wakamwekea oksijeni, wakamnyonya makamasi, wakamlisha kwa kamrija ka puani. Dokta akasema ni bronkiolite, yaani njia ndogo za hewa kwenye mapafu zimevimba. Nikauliza ni mikrobi gani, akanijibu kwa upole kwamba mashine ya kuitafuta hawana, ila kwa umri huu na kifua kinavyopiga filimbi, wa kwanza kushukiwa ni virusi inayoitwa VRS (kwa wale wa Kenya na Tanzania, ninyi mnaandika RSV, ni kitu kimoja). Nikamwambia lakini nilimpa amoxi. Aliniangalia tu. Antibiotiki inaua bakteria, virusi haiigusi kabisa, na mimi kitu hicho nilikijua tangu shule, lakini mtoto akiwa wako unasahau.

Tangu hapo nasoma sana. Ile virusi inayozunguka kuliko zote duniani ni rinovirusi, yenyewe peke yake inakaribia nusu ya mafua ya kawaida, na ina aina zaidi ya 160. Njo maana mtoto anapona leo wiki mbili zijazo anaanza tena, mwili ulijifunza aina moja bado zile zingine zote. Mtoto mdogo kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka ni kawaida, kwa hiyo mara yako ya tatu tangu Septemba isikutishe peke yake. VRS nayo karibu kila mtoto anaipata kabla hajafika miaka miwili, wengi inapita kama mafua tu, wachache wadogo njo inawabana kama kangu. Halafu kuna gripe yenyewe (influenza) A na B, parainfluenza inayoleta kile kikohozi cha kubweka kama mbwa, adenovirusi, metapneumovirusi ambayo waliigundua 2001 tu wakati imekuwepo miaka yote, na korona za zamani nne ambazo zilikuwa zinatupa mafua kabla hata ya hii ya 2020.

Sasa sikiliza hii, maana njo ilinigeuza kichwa. Kuna utafiti mkubwa ulitoka kwenye Lancet 2019, nchi saba, Kilifi ya Kenya na Lusaka ya Zambia zikiwemo. Walichukua watoto wa chini ya miaka mitano waliolazwa na nimonia kali, wakachukua pia watoto wazima wa mitaa ileile, wote wakapimwa pua. Kwa wale wagonjwa wasio na VVU wenye dalili kwenye radio (picha ya kifua, eksirei), virusi ilihesabiwa kuwa sababu kwa karibu 61 kwa mia, VRS peke yake 31, bakteria 27 hivi. Lakini rinovirusi waliikuta kwa wagonjwa na kwa wazima karibu sawasawa! Yaani mtoto anacheza mpira na virusi iko puani. VRS kwa wazima ilikuwa adimu sana, ile ukiikuta kwa mgonjwa unaiamini. Kwa hiyo hata ukipata labo ikakuandikia jina, kama si VRS, bado hujajua kama njo inamuumiza.

Na huyo shemeji wa Panzi mwambie hivi. Ile Panzi ya Desemba 2024 iko mkoa wa Kwango, mbali kule, si hospitali yetu ya Panzi hapa Bukavu. Walipima sampuli 430 wakakuta malaria, gripe A, rinovirusi, korona, parainfluenza, adenovirusi, yaani vitu vilevile vya kila siku vimeangukia watoto wenye utapiamlo na malaria juu. Hakukuwa na ugonjwa mpya. Lakini funzo la malaria lishike: mtoto akichemka, hata akiwa na makamasi, TDR (kipimo cha haraka cha malaria) ifanywe.

Amoxi acha kwanza. Siisemi vibaya, nimonia ya bakteria ipo na hiyo ndiyo dawa yake, ila aamue enfirmiye (muuguzi) baada ya kumwona. Angalia karti yake kama sindano za pneumokoko (bakteria anayeleta nimonia) zimekamilika, ziko kwenye chanjo za kawaida kwetu tangu 2011. Mnyonyeshe kidogokidogo mara nyingi, pua isafishe kwa serum (maji ya chumvi ya dukani), asali hapana kabla ya mwaka mmoja, siro za kikohozi hapana (nazo nauza, wanywe watu wakubwa kama mama zao), na mbabula (jiko la makaa) itoke nje ya nyumba, moshi wa makaa unamaliza kifua cha mtoto.

Usiku huu akilala mfungue kifua, shika simu, hesabu pumzi dakika moja nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Kwa miezi yake kikomo ni 50. Ikiwa chini na ananyonya vizuri, andika namba hapa, niko macho hadi saa tano. Ikifika 50 ama zaidi, ama mbavu zinaingia, ama anakataa titi, usiandike kitu, beba mtoto.