Hudeki, mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti wa juzi usiku nimeusikiliza mara tatu. Unauliza mbona wajawazito wenzako wanatapika asubuhi, wanajifuta mdomo, wanaenda kazini, ila wewe hata maji hayakai tumboni. Halafu kwa sauti ya chini ukasema: "Au nadeka, mama?" Sikukupigia kwa sababu ningelia, nawe ungelia, na ukilia unatapika. Ndiyo maana nakuandikia.

Hudeki. Naanza na hilo kwa kuwa mwaka 1995, nikiwa na mimba yako, sikupata wa kuniambia hivyo.

Nilikuwa nafundisha Korogwe. Wiki ya sita nikaanza kuchukia harufu: vitunguu vikikaangwa, sabuni, hata baba yako akitoka kuoga. Kila mtu na lake. Mimba si ugonjwa. Mtoto wa kike ndiye anayetapisha hivyo. Nikaletewa ndimu, tangawizi, maembe mabichi na chumvi, na udongo uliofungwa kwenye gazeti. Nilikula vyote na vyote vikarudi. Nikaenda zahanati, muuguzi akanitazama akasema nimezoea kudekezwa. Nikarudi nyumbani nimeshikwa na aibu, na aibu ile ndiyo iliyonilaza siku nne bila kumwambia mtu kwamba mkojo wangu umekuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na sasa hautoki kabisa. Bibi yako ndiye aliyegundua, alipoona siendi tena chooni. Akasimamisha pikapu iliyokuwa imebeba mchanga, tukapanda hadi hospitali. Nilikuwa na kilo 58 kabla ya mimba. Mizani ya pale ilisoma 51.

Daktari aliyenipokea sitamsahau. Hakuniuliza kwa nini sili. Alipima mkojo, akaona ketoni, yaani mwili umeanza kujila mafuta yake wenyewe, akaniwekea dripu ya maji ya chumvi. Ya glukosi aliikataa kwanza. Alisema mtu aliyetapika wiki nyingi huwa ameishiwa vitamini B1, na sukari ikitangulia humalizia kile kidogo kilichobaki, ubongo ukadhurika. Kwa hiyo B1 kwanza. Mwambie mumeo alishike hilo, na ukilazwa aliulize bila woga.

Umeuliza kama hali hii ya kutapika kupita kiasi kwenye mimba ni ya kurithi. Inaweza kuwa. Binti wa mama aliyeugua hivi ana uwezekano wa kama mara tatu kuliko wengine. Na Desemba 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu homoni iitwayo GDF15, inayotoka kwa wingi kwenye mimba yenyewe. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa nayo kidogo sana mwilini, ikipanda ghafla humwangusha. Niliposoma hayo, mwanangu, niliweka miwani mezani nikakaa kimya. Miaka 28 nilikuwa bado na neno la yule muuguzi moyoni.

Sasa nisikilize. Hapo ulipo usihangaike na mlo kamili. Kula kile kinachokubali, hata kama ni kiazi baridi saa nane usiku. Maji kunywa kwa kijiko, au nyonya barafu. Jikoni usiingie, mtu mwingine apike. Vidonge vya madini ya chuma vikikuchafua tumbo, mwambie mkunga wako kliniki mpange upya, ila foliki asidi jitahidi isikupite. Udongo usile hata ukiutamani vipi, unaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mayai ya minyoo. Wala usimtume mtu duka la dawa akuletee chochote cha kuzuia kutapika. Dawa zinazotumika kwa wajawazito zipo, ikiwemo vitamini B6 na promethazini, lakini daktari ndiye akupangie. Mwombe pia akupime malaria na akufanyie ultrasaundi, kwa sababu mapacha au mimba zabibu, ile inayoota vishada kama zabibu badala ya kukua kawaida, navyo hutapisha namna hii.

Na ukikaa muda wa masaa manane bila kukojoa, au siku nzima hakuna kilichokaa tumboni, au ukisimama unaona giza, au ukitapika damu, au ukapata homa, usisubiri kuche. Nenda. Akitokea wa kukuambia unadeka, mwambie akupime ketoni kwanza.

Umeuliza pia yangu iliisha lini. Wengi hupata nafuu kufikia wiki ya 20, wachache huenda nayo hadi kujifungua, sitakuficha. Mimi ilikuwa wiki ya 19. Bibi yako alikuwa anakaanga dagaa uani, nikasikia harufu yake, nikatoka na sahani.

Jumamosi nakuja na basi la alfajiri. Msinipikie chochote, na ndoo iacheni, nitaimwaga mimi.

Mama yako