Jibu: Sanduku la barua za babu wa Marekani, nianzie wapi?

Dada, umeuliza uanzie wapi na barua na madaftari ya babu wa babu yake mumeo, mkulima, mhubiri na mwalimu wa Marekani karne ya 19. Kwanza, tafadhali usizipige laminesheni! Joto na gundi huharibu karatasi na hazirudi tena. Zipige picha, kisha zihifadhi kwenye bahasha zisizo na asidi.

Halafu mtafute kwenye sensa ya 1850, ya kwanza kutaja kwa jina kila mtu huru katika kaya (watumwa walihesabiwa, wengi bila majina). Usishtuke ukikuta ameandikwa mkulima tu. Wahubiri wengi wa Kibaptisti vijijini hawakuwa na mshahara, shamba ndilo lililowalisha. Kufundisha nako kulifanyika sana majira ya baridi, kazi za shamba zikiwa zimepungua, kwa hiyo angalia tarehe za daftari lake la shule.

Mimi napenda zaidi jedwali la kilimo la sensa hiyohiyo: ekari, farasi, ng'ombe wa maziwa, hata siagi kwa ratili! Lisome sambamba na barua zake. Sensa ya 1890 usiihangaikie, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington mwaka 1921.