Commandaria: huo utamu unatoka wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nafanya kazi Limassol, Kupro, bosi kanizawadia Commandaria, divai ya huku, tamu kama asali. Jamaa mmoja huku anauza yake kwenye chupa za maji, anasema hata za kiwandani ni sukari tu wanaongeza, na eti inaongeza damu. Mama nyumbani ana upungufu wa damu, nimtumie ipi?

JIBU: Dada, hilo la "wanaongeza sukari" naulizwa kila siku na linanikera kweli, maana ndo kichaka wanachojifichia matapeli. Commandaria inatoka vijiji 14 tu, kwenye miteremko ya kusini ya milima ya Troodos, huko huko juu ya Limassol, na zabibu zake ni aina mbili, Xynisteri nyeupe na Mavro nyeusi. Zinaachwa ziive sana, zikishakatwa zinaanikwa juani wiki nzima na zaidi, maji yanapungua sukari inabaki, mpaka juisi inafika kama gramu 390 hadi 450 za sukari kwa lita. Hamira inaanza kuila hiyo sukari na kutoa kileo, ila inalemewa, inasimama kabla haijamaliza. Utamu unaousikia ndo ule uliobaki! Sukari ya dukani haina nafasi hapo. Kinachoruhusiwa ni kuongezea pombe iliyotokana na zabibu ikishachachuka, nayo si lazima. Halafu inalala kwenye mapipa ya mwaloni miaka 2 angalau, na rangi ile ya kahawia inaiva humo humo.

Sasa huyo wa chupa za maji hayo yote kayafanyia wapi? Nimeshaonja nyingi za hivyo, divai ya bei chee imetiwa sukari ya kuunguza, ukimeza inabaki ladha ya pipi koo zima.

Na hii ya kuongeza damu jamani, mbona mnaendelea kudanganywa, tena kwetu ndo imezidi, kila divai tamu nyekundu inauzwa kama dawa, wajawazito wanapewa, wazazi waliotoka kujifungua wanapewa, wakati madini ya chuma humo ni kidogo mno na pombe kwa mjamzito ni hatari kabisa. Mwenye kisukari naye anapewa glasi "ya afya" yenye sukari inayopita gramu 100 kwa lita. Rangi nyekundu si damu! Anayekuuzia divai kwa jina la dawa mkimbie, awe Limassol awe Kariakoo.

Mama usimtumie yoyote. Mtumie hela akapime wingi wa damu, na waangalie inapungua kwa sababu gani. Chupa ya bosi ibaki kwako, unywe kidogo, ya baridi, baada ya chakula.